Somo juu ya Amri ya Kumi: Mtu Anayetumikia Chupa Zake



Amri ya kumi ya Mungu yakataza kutamani mali ya watu. Wengi hudhani kwamba amri hii yamhusu mwivi tu, au yule amtazamaye ng'ombe wa jirani kwa kijicho. Lakini Kanisa lafundisha kwamba amri hiyo hiyo yakataza pia uchoyo, maana yake kupenda mali pasipo kipimo, hata mali ambayo mtu ameinunua kwa haki, kwa fedha zake mwenyewe. Somo hili laeleza uchoyo kwa mfano utokao Ulaya na Marekani, yaani mfano wa watu wanaokusanya chupa za divai na za porto. Mfano ni wa mbali, lakini ugonjwa wenyewe hauko mbali na kijiji chochote.

1. Divai ni nini, na porto ni nini?

Divai ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Wakristu waijua hasa kwa sababu ya Misa takatifu. Sheria ya Kanisa yataka divai ya Misa iwe imetoka katika tunda la mzabibu, wala isiwe imeharibika. Kwa hiyo malafu ya mchikichi na kasiksi ya ndizi, ingawa ni vinywaji vya heshima katika karamu, haviwezi kutumika altareni.

Porto ni divai ya namna ya pekee. Yatoka katika nchi ya Ureno, katika bonde la mto Douro, mto uanzao Hispania na kuingia katika bahari ya Atlantiki karibu na mji wa Porto. Milima ya huko ni ya mawe makavu. Watu wa zamani waliyavunja mawe hayo kwa mikono, wakajenga kuta ngazi kwa ngazi, wapate kupanda mizabibu. Katika mwaka 1756 serikali ya Ureno iliweka mipaka ya nchi hiyo ya mizabibu, ikasimika mawe ya alama, ili watu wa mahali pengine wasiuze divai yao kwa jina la porto.

Zabibu huvunwa hasa mwezi wa Septemba. Tangu zamani hutiwa katika birika pana za mawe, na watu huzikanyaga kwa miguu. Maji yakiisha kuanza kuchachuka, kabla utamu wote haujaisha, hutiwa ndani yake pombe kali iliyotokana na zabibu. Pombe hiyo yasimamisha uchachu, na utamu wabaki. Ndiyo sababu porto ni tamu, tena ina nguvu: katika sehemu 100 za kinywaji, sehemu 19 hadi 22 ni kileo.

Malafu ya asubuhi yamekwisha kuwa makali jioni, na baada ya siku chache ni siki. Divai nyingi nazo hutengenezwa zinywewe katika miaka michache. Lakini ziko divai chache zinazozidi kuwa nzuri zikilala muda mrefu. Porto ya mwaka mmoja mteule, mwaka wa mavuno bora, hutiwa katika chupa baada ya miaka miwili au mitatu, kisha yaweza kulala miaka ishirini, arobaini, hata zaidi. Chupa hulazwa ubavu mahali pa giza na baridi, ili kizibo kisikauke. Basi hapo ndipo mlango wa kukusanya unapofunguka: mtu hununua leo kitu atakachokinywa akiwa mzee, au watakachokinywa watoto wake.

2. Kuweka akiba si dhambi

Lazima jambo hili lifahamike vema. Divai ni kiumbe chema cha Mungu. Zaburi zaisifu kwa sababu yafurahisha moyo wa mtu. Mtume Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alikunywa divai, na katika Karamu ya mwisho aliitwaa iwe Damu yake.

Tena kuweka akiba ni kazi ya mwenye akili. Mama awekaye mbegu za mahindi juu ya moshi wa jiko hatendi uchoyo, kwani awafikiria watoto wake. Vivyo hivyo, baba wa Ulaya anunuaye chupa chache za porto mwaka wa kuzaliwa mwanawe, apate kuzifungua siku ya arusi yake, hatendi dhambi. Chupa zile zina siku yake, nazo zina watu wake.

Basi dhambi yaanzia wapi? Yaanzia mahali ambapo kitu hakina tena siku wala watu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aeleza kwamba uchoyo ni kupita kipimo katika kupenda kuwa na vitu. Na kipimo cha mali ni kazi yake, yaani kumsaidia mtu aishi vema. Mali iliyopoteza kazi yake yageuka kuwa bwana.

3. Jinsi kupenda kunavyogeuka kuwa kifungo

Kifungo hiki hakiji siku moja. Chaja kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kupenda. Mtu aonja divai nzuri kwa rafiki, akafurahi, akanunua chupa chache. Hapa hapana ubaya.

Hatua ya pili ni kuhesabu. Mtu haulizi tena kama divai ni nzuri, bali auliza anazo ngapi, na ni miaka ipi anayoikosa. Anayo porto ya mwaka 1963 na ya 1977, basi hapati usingizi kwa sababu hana ya 1945. Furaha ya vile alivyo navyo yamezwa na uchungu wa kile asicho nacho.

Hatua ya tatu ni kuficha. Aanza kumdanganya mke wake juu ya bei. Fedha ya karo ya watoto yapungua. Wageni wakija, awapa divai ya bei rahisi, na ile nzuri yabaki chini ya kufuli. Mkono uliojifunza kufunga hausahau upesi.

Hatua ya nne ni kutumikia. Hawezi kufungua chupa tena, kwani chupa iliyofunguliwa imepoteza bei. Hawezi kusafiri kwa hofu ya wezi, wala kulala kwa hofu ya joto. Azeeka, na chupa zazeeka pamoja naye. Mwishowe tabibu amkataza kileo, naye ana chupa elfu asizoweza kuzinywa. Ni nani basi aliyemmiliki mwenziwe?

4. Mambo yaliyotokea kweli

Mtu asidhani kwamba hayo ni hadithi ya kutisha watoto. Yafuatayo yalitokea mbele ya macho ya watu wengi.

Katika mwaka 1985, katika mnada wa mjini London, chupa moja ya divai ya Ufaransa iliuzwa kwa pauni 105,000. Ilisemekana kuwa ni divai ya mwaka 1787, na kwamba ilikuwa mali ya Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa tatu wa Marekani. Ilinunuliwa na jamaa ya tajiri Malcolm Forbes, nayo ikawekwa mahali pa maonyesho chini ya taa. Joto la taa lilikausha kizibo, kikaanguka ndani ya chupa. Divai ile iliharibika bila kumfurahisha mtu yeyote.

Katika mwaka 1989, mfanyabiashara wa divai William Sokolin alichukua chupa nyingine ya namna hiyo, akaenda nayo kwenye karamu mjini New York ili watu waione. Bei aliyoitaka ilipita dola 500,000. Akiwa amezungukwa na watu, chupa iligonga meza, ikatoboka, na divai ikamwagika sakafuni. Kugonga kumoja tu, na mali ya nyumba nyingi imekuwa doa juu ya zulia.

Tajiri mwingine wa Marekani, Bill Koch, alikuwa na ghala la makumi elfu ya chupa. Katika mwaka 1988 alinunua chupa nne zilizosemekana kuwa za Jefferson. Baada ya miaka mingi alitafuta ushahidi, akakuta kwamba herufi zilizochorwa juu ya kioo zilichorwa kwa mashine ya siku hizi. Katika mwaka 2016 aliuza chupa kama 20,000 mnadani. Chupa elfu ishirini! Mtu anywaye moja kila siku angehitaji zaidi ya miaka 54 kuzimaliza.

Tena yuko Rudy Kurniawan, mtu wa asili ya Indonesia aliyekaa Marekani. Alisifiwa na matajiri kwa ujuzi wake wa divai za zamani. Kumbe nyumbani mwake alikuwa akichanganya divai za bei rahisi, akizitia katika chupa kuukuu na kubandika karatasi za majina makubwa. Katika mwaka 2008 alipeleka mnadani divai ya mzabibuni mmoja yenye alama ya mwaka 1945, na wenye shamba hilo hawakuwa wametengeneza divai hiyo kabla ya miaka ya 1980! Alikamatwa mwaka 2012, na mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha miaka kumi.

Angalieni jambo moja hapa. Kwa nini watu wenye elimu na fedha walidanganyika kwa miaka mingi? Kwa sababu chupa nyingi hazikufunguliwa. Asiyekula chakula chake hajui kama kimeoza. Mwongo alihitaji watu wenye tamaa kuliko macho, naye akawapata. Uchoyo wa mnunuzi ndio uliomlisha mwizi.

5. Mafundisho ya Bwana wetu

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 12, Bwana Yezu asimulia habari za tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana. Alikusudia kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi, apate kustarehe miaka mingi. Usiku ule ule alikufa. Mungu alimwita mpumbavu, si kwa sababu alilima vema, bali kwa sababu katika mawazo yake yote hamkuwa na mtu mwingine ila yeye mwenyewe.

Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisarea, aliyekufa mwaka 379, alihubiri juu ya habari hiyo. Alifundisha kwamba mkate uliofungiwa ni wa mwenye njaa, na nguo iliyowekwa sandukuni ni ya aliye uchi. Kwa akili ya mtakatifu huyo, ghala bora za tajiri ni matumbo ya maskini.

Fikirini tena arusi ya Kana. Kulikuwa na mitungi sita ya mawe, nayo ilijazwa hata juu. Divai ile ilikuwa bora kuliko zote zilizopata kunywewa duniani, kwani ilitoka katika mkono wa Mwana wa Mungu. Je, Bwana aliamuru ifungwe na kuwekwa? La. Aliamuru ichotwe na kupelekwa karamuni mara moja. Divai ya Kristu ni divai inayogawiwa.

6. Jambo hili katika kijiji

Labda mkatekumeni atasema: "Mimi sina hata chupa moja ya porto, somo hili ni la Wazungu." Asiseme hivyo. Mwanamke mwenye vitenge kumi na viwili sandukuni, ambaye mkwe wake avaa matambara, naye ana chupa zake. Mwanamume ahesabuye ng'ombe kila jioni, asikubali kuuza hata mmoja mtoto wake apelekwe hospitali, naye ana chupa zake. Kijana atumiaye mshahara wote kwa viatu na saa, huku mama yake akiomba chumvi kwa jirani, naye vilevile.

Siku ya ubatizo kila mmoja ataulizwa mbele ya watu wote kama amkataa Shetani na fahari zake zote. Kujibu ni rahisi kwa ulimi. Lakini ni vigumu kutia mkono katika maji ya ubatizo huku vidole vimekaza kitu. Kwa hiyo, kabla ya siku hiyo, kila mkatekumeni ajichunguze kwa maswali matatu: Ni kitu gani ninachokificha nisiombwe? Ni kitu gani nikikipoteza nitamchukia Mungu? Ni nani anayekosa kwa sababu mimi ninaweka? Akiisha kukipata kitu hicho, atoe sehemu yake juma hili, kwa siri, kwa mtu asiyeweza kulipa.

Maswali na majibu ya kushika moyoni

Swali: Je, ni dhambi kuwa na mali?
Jibu: Si dhambi, kama mali imepatikana kwa haki nayo yafanya kazi yake.

Swali: Uchoyo ni nini?
Jibu: Ni kupenda mali pasipo kipimo, hata kuwasahau Mungu na jirani.

Swali: Kwa nini uchoyo wapigana pia na Amri ya kwanza?
Jibu: Kwa sababu mchoyo hutumikia mali yake badala ya Mungu.

Swali: Dawa ya uchoyo ni nini?
Jibu: Ni sala, kiasi, na kutoa sadaka kwa moyo mwema.

Sala

Ee Bwana Yezu, uliyewagawia watu wa Kana divai njema, ufungue mikono yetu kabla mauti haijaifungua. Utujalie kutumia vitu vyako bila kufungwa navyo, tupate kukaribishwa katika karamu yako isiyo na mwisho. Amina.