Kukitoa Kijiti cha Ufunguo katika Saa ya Mkono



Hapa Manzese wapo vijana ambao wakitoka madrasa hukaa na mafundi saa kando ya barabara, kwenye zile meza ndogo zenye sanduku la kioo, wakijifunza kazi. Kubadilisha betri na mkanda mtu hujifunza siku moja. Kwenye kijiti cha ufunguo ndipo fundi hujulikana, na ndipo saa nyingi za watu huharibiwa.

Kijiti hiki ni kile chuma chembamba kinachoanzia kwenye kitufe cha pembeni, kikapita katika tundu la ganda la saa na kuingia ndani ya mashine. Ndicho kinachozungusha mishale, na katika saa za springi ndicho kinachotia ufunguo. Zamani saa za mfukoni zilikuwa na ufunguo hasa, wa kuchomeka, mpaka mafundi wa Ulaya kama Mfaransa Adrien Philippe walipobuni mtindo wa kitufe katika miaka ya 1840. Ufunguo umeondoka, jina limebaki.

Mashine haitoki kwenye ganda kabla ya kijiti kutoka, kwani kimepita ubavuni kama komeo. Nacho kimeshikwa: kina mfuo uliokizunguka, na ndani ya mfuo huo limeingia jino la wenzo mdogo. Ukivuta kwa nguvu, litavunjika jino au kijiti. Basi kwanza huachishwa, halafu ndipo kikavutwa.

Katika saa za zamani kuna skrubu ndogo karibu na kijiti. Ilegeze mzunguko mmoja, jaribu kuvuta taratibu. Kimegoma? Ongeza nusu, jaribu tena. Ukiifungua skrubu yote, wenzo huanguka upande wa pili, chini ya uso wa saa, na hapo itakubidi uondoe mishale na uso wenyewe ili kuurudisha. Kazi ya dakika moja imekuwa ya nusu siku! Saa nyingi za siku hizi, za betri na za otomatiki kama Seiko 5, zina kidoti cha kubonyeza badala ya skrubu. Nyingine kidoti huonekana kitufe kikiwa ndani, nyingine mpaka ukivute. Tumia lenzi, na usibonyeze usichokiona. Bonyeza kidogo tu, mkono mwingine ukivuta.

Saa ya springi unayotaka kuifungua yote, punguza kwanza nguvu ya springi kijiti kikiwa bado ndani, maana kitufe ndicho utakachoshikia isifyatuke.

Ama kuhusu malipo, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba mali ya mteja mkononi mwa fundi ni amana. Kikiharibika bila uzembe wake halipi. Lakini kung'oa kijiti kwa koleo ni uzembe, na hapo utalipa.

Mara nyingine utakuta kijiti kimeshaliwa na kutu, kwa jasho na maji ya mvua yanayopita pale mpira wa kitufe ulipochakaa. Kikikatikia ndani ya kitufe, na kitufe ni cha shaba, yeyusha shabu katika maji ya moto ukiloweke kitufe peke yake usiku kucha. Shabu hula chuma, shaba huiacha. Mashine usiisogeze karibu na maji hayo.

Wakati wa kurudisha, ingiza kijiti huku ukikizungusha polepole mpaka sehemu yake ya mraba ishike gurudumu la ndani. Kikigota usisukume, zungusha tena. Kisha kaza skrubu, vuta kitufe uone mishale inazunguka, kirudishe ndani, na ukivute kidogo kuhakikisha hakichomoki, kabla ya kufunga mfuniko.