Milioni Nane Mkononi: Kununua Gari la Mtumba Bila Kuuziwa Kimeo

Kama akiba yako yote ni shilingi milioni 8, gari lako ni la milioni 6. Hilo ndilo la kwanza kulikubali kabla hujaanza kuzunguka yadi za Mwenge na Kinondoni jijini Dar es Salaam au kupiga simu kwa madalali. Milioni mbili zinazobaki si za anasa. Zitaingia kwenye kubadilisha umiliki, bima, oili, pengine tairi mbili na shokapu za mbele, halafu kwenye tatizo moja ambalo hata fundi wako hakuliona. Nimewaona wengi waliomaliza fedha yote siku ya kununua, kisha gari likakaa uani juu ya mawe miezi minne kwa sababu ya rejeta.

Mwenye fedha kidogo ana njia mbili: kuagiza Japani au kununua mkononi. Ukiagiza, unapata gari ambalo halijaonja barabara zetu, lakini bei unayoiona mtandaoni ni nusu ya habari. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, na nyongeza kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kenya gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia kabisa. Hapa kwetu Tanzania linaingia, ila unalilipia. Tovuti ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ina kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika: unachagua aina, mwaka na injini, kinakupa jumla. Kitumie kabla hujatuma hata senti. Ukiamua kuagiza, dai pia karatasi ya mnada. Daraja la 4 au 3.5 ni gari la kawaida lililotunzwa; herufi R maana yake liligongwa likatengenezwa.

Kwa milioni 6, wengi wetu tutanunua mkononi, na hapo ndipo tunapodanganyika kwa herufi. Muuzaji anatangaza "namba D" au "namba E" kama vile anataja umri wa gari. Herufi hiyo inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, basi. Haikuambii lilitengenezwa lini. Toyota IST ya mwaka 2003 iliyosajiliwa juzi na IST ya mwaka 2003 iliyosajiliwa zamani ni pacha kwa kuzaliwa. Tofauti yao ni miaka mingapi kila moja imekula vumbi la hapa na nani alikuwa akiiendesha. Namba mpya ina thamani yake, lakini mnunuzi mwenye fedha za kubana asiilipie kuliko injini. Mimi ningechukua namba C ya mwalimu aliyekuwa akienda nayo kazini na kurudi, nikaiacha namba E iliyoshinda barabarani kwenye teksi za mtandao. Angalia pia rangi ya kibao. Gari binafsi huwa na kibao cha njano, la biashara cheupe, na kilichobadilishwa kuwa cha njano wiki iliyopita kina historia ya kuulizwa.

Kuhusu aina, usitafute ubunifu. Chukua gari ambalo kila fundi wa mtaani amelifungua mara mia na spea zake unazikuta Kariakoo asubuhi hiyo hiyo: IST, Vitz, Passo, Raum, Probox, au Corolla na Starlet za zamani kama fedha ni ndogo zaidi. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST na Probox nyingi hutumia mnyororo wa taimingi. Starlet na Carina Ti hutumia mkanda, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama muuzaji hana ushahidi kwamba ulibadilishwa, hesabu kuwa haujabadilishwa na upunguze bei. Premio ya mwanzo yenye injini ya 2.0 D-4 inavutia kwa bei na kwa umbo, lakini mfumo wake wa mafuta hauvumilii uchafu wa petroli na si kila fundi anauweza. Mwenye bajeti ndogo aiache.

Sasa twende kulikagua gari lenyewe. Mwambie muuzaji utafika saa tatu asubuhi, kisha ufike saa moja na nusu. Nilifanya hivyo nilipokwenda kuangalia Spacio moja, tena kwa bahati tu, maana nilikosea kukadiria foleni. Nilipoweka kiganja juu ya boneti lilikuwa la moto kama sufuria ya chai. "Nimelipasha kidogo tu, kaka, ili lisikusumbue." Injini iliyokwisha pashwa huficha mambo mengi: kuwaka kwa shida, kugonga kwa ndani, moshi wa asubuhi. Nilimwomba aizime, nikamwambia nitarudi kesho yake, nikarudi alfajiri bila kutoa taarifa. Siku hiyo liliwaka kwa mara ya nne, likatoa wingu la buluu lililofunika ukuta wa jirani.

Buluu ni oili inayoungua, na hiyo ni injini iliyochoka. Moshi mweusi ni petroli inayopita kiasi, na mara nyingi hutibika kwa gharama ndogo. Moshi mweupe wa dakika mbili za asubuhi ni unyevu tu; ukiendelea baada ya injini kupata moto, kuna maji yanayoingia ndani. Kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Unataka kuona maji ya rangi, kijani au pinki, si maji ya bomba yenye kutu. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili na ugeuze upande wa chini. Ukikuta utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji na oili vimekutana, na mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda heda. Hapo funga kifuniko, shukuru, ondoka. Ukikifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto utaungua uso, kwa hiyo hili nalo ni la asubuhi.

Washa swichi bila kuwasha injini uangalie dashibodi. Taa zote za tahadhari lazima ziwake, ikiwamo ile ya njano yenye picha ya injini, halafu zizimike injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki imewaka, kwa sababu kuna mtu aliyeinyamazisha. Ukiwa umekanyaga breki, toa gia kutoka P kwenda D, kisha R. Gari liitikie papo hapo na kwa upole. Likikawia sekunde mbili au likashtuka kama limesukumwa, gia boksi inaomba matibabu, na bei yake unaweza kuikuta imepita ya injini. Liendeshe kwenye lami na kwenye barabara ya mashimo, redio imezimwa, vioo vimeshushwa. Kugonga kwa chini ni bushi, boljoint au shokapu: vitu vya kununulika, hivyo vitumie kupunguza bei. Mwisho lipeleke kwenye foleni, washa AC, kaa humo nusu saa ukitazama mshale wa joto. Magari mengi yanayochemsha hujionyesha kwenye foleni, wala si kwenye mwendo.

Kilomita za dashibodi zisikushike akili, maana hurudishwa. Tafuta kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti kibandiko cha Kijapani cha kubadilisha oili. Mara nyingi kina tarehe na kilomita. Kwenye vibandiko vya hadi 2019 mwaka huandikwa mara nyingi kwa hesabu ya Heisei iliyoanza 1989, kwa hiyo 24 ukiongeza 1988 unapata 2012. Kilomita za kibandiko zikizidi za dashibodi, umekwisha jua unaongea na mtu wa aina gani. Kwenye tairi nako kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kwa watu wa Dar es Salaam naongeza jambo moja kwa msisitizo. Mvua kubwa zikipita, magari yaliyozama bondeni mwa Msimbazi na kwingineko hukaushwa, hupuliziwa manukato, huingia sokoni. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho uone kama kuna mstari wa tope. Nyanyua kapeti chini ya miguu ya abiria, gusa, nusa. Tazama boliti za viti kama zina kutu. Gari lililozama halitakufa leo; litakusumbua waya baada ya waya kwa miaka.

Baada ya macho yako mwenyewe, ndipo fundi. Awe wako, si wa dalali, wala si "fundi yupo hapa hapa karibu". Mlipe ujira uliokubaliwa, ununue usinunue, na mwambie hivyo mapema, ili asiwe na sababu ya kungojea cha juu kutoka upande wa pili. Pesa ya fundi ndiyo ndogo kuliko zote utakazotumia katika shughuli hii na ndiyo inayookoa nyingi zaidi.

Gari likipita, bado karatasi. Jina kwenye kadi ya gari lilingane na kitambulisho cha NIDA cha anayekuuzia. Magari mengi yamepita mikono mitatu kwa mikataba ya mdomo huku kadi ikibaki na jina la mtu wa kwanza aliyekwisha hamia Mwanza. Bila yeye, wewe huna gari. Mwenye kadi akiwa amefariki, dai barua ya msimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, kisha rangi ya gari na ya kwenye kadi. Angalia madeni na bima kwa namba ya gari: faini kwenye mfumo wa trafiki wa polisi, maegesho kwenye mfumo wa TARURA, bima kwenye mfumo wa TIRA. Kama kadi iko benki au kwa mkopeshaji, malipo yafanyike huko huko, mkopeshaji akiwepo.

Dalali atakwambia kuna mteja mwingine anakuja saa kumi, hivyo toa kishika uchumba. Usitoe. Mkataba usainiwe mbele ya wakili, fedha zipite benki, na muuzaji mwende naye TRA siku hiyo hiyo mkaanze kubadilisha umiliki. Mpaka kadi itoke na jina lako, gari unaloendesha kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali bado ni la mtu mwingine.