SOMO LA USAFI: IMBWA ANAYEJIKUNA KILA MARA

Tunaona imbwa wengi wanajikuna mpaka damu. Tunapakaa dawa, kidonda kinakauka, kiisha kinarudia. Sababu gani?

Mikrobe ya vidonda, jina lake stafilokoki, inakaa juu ya ngozi ya imbwa hata akiwa mzima. Akijikuna, ngozi inapasuka, nayo inaingia. Basi tutafute kwanza kile kinachomwasha: mara nyingi ni viroboto, ao mdudu mdogo wa upele anayechimba ndani ya ngozi.

1. Imbwa wote wa nyumba wapate dawa ya wadudu siku moja. Mayai ya viroboto yanaanguka pale analala: tufagie, tufue gunia lake.

2. Tumuoshe na sabuni ya klorheksidini. Ikae dakika 10 mbele ya kuitosha na maji.

3. Dawa ya mikrobe tuimalize vile munganga wa nyama alisema, hata kidonda kikikauka.

4. Mafuta ya moteri, hapana! Imbwa anayaramba, na ni sumu.

Tukumbuke: mdudu wa upele wa imbwa anawasha watu vilevile, zaidi watoto wanaocheza naye.

Swali: Kwa nini kutibu kidonda peke yake hakutoshi?