Kelele za Giaboksi: Sikiliza Kwanza, Ndipo Ufungue



Siku hizi vikundi vingi vina pikipiki. Vingine vilinunua kwa pesa za kuchangiana kwa zamu, vingine kwa mkopo ambao bado unalipwa kila mwezi. Pikipiki hiyo ndiyo inayopeleka maziwa asubuhi, ndiyo inayoleta mbolea, na usiku ndiyo inayokimbiza mama mjamzito zahanati. Sasa ikianza kulia chini ya miguu ya dereva, neno moja hutajwa haraka sana: giaboksi. Mweka hazina akisikia neno hilo usingizi unampotea, maana giaboksi ni kutoa injini yote na kuipasua katikati, na pesa za kikundi zinaenda nayo.

Lakini ngoja kidogo. Kelele nyingi tulizoitiwa tukiambiwa ni za giaboksi hazikutoka kwenye giaboksi. Tunakumbuka kikundi kimoja cha kina mama. Dereva wao alisikia kugonga kila akiongeza mafuta. Fundi mmoja wa sokoni aliangalia kwa dakika 2, akasema ni beringi za giaboksi. Injini ikafunguliwa, beringi zikanunuliwa, gasketi zikanunuliwa, wiki 2 maziwa hayakufika kwenye kituo. Siku pikipiki iliporudi, kugonga kulikuwa pale pale. Shida ilikuwa ni sproketi ndogo ya mbele: bolti zake zimelegea, na meno yake ya ndani yameliwa. Kipande hicho kiko nje ya injini, chini ya kifuniko kidogo cha upande wa kushoto. Kukifungua na kukiangalia hakuchukui hata nusu saa.

Kwa hiyo leo tutajifunza kutafuta kelele inakotoka kabla spana haijagusa nati.

Giaboksi ni kitu gani?

Ndani yake kuna shafti 2 zilizolala sambamba. Ya kwanza inapokea nguvu kutoka kwa klachi, ya pili inaipeleka kwa sproketi ya mbele, na kutoka hapo cheni inavuta gurudumu. Juu ya shafti hizo gia zimepangwa mbili mbili. Pikipiki zetu za kazi huwa na jozi 4 au 5. Jozi hizo zinashikana meno wakati wote, hata ukiwa fri. Ukikanyaga gia, uma mdogo unasukuma gia moja pembeni hadi vijino vya ubavuni mwake vinaingia kwenye matundu ya jirani yake, na hapo jozi hiyo ndiyo inabeba kazi. Ndiyo maana mlio mmoja wa "klak" unapoingiza gia ya kwanza si ugonjwa. Ugonjwa ni ule wa kukwaruza.

Jambo lingine la kukumbuka: kwa pikipiki kama Boxer na TVS za mizigo, injini, klachi na giaboksi vyote vinakunywa oili ile ile moja. Oili ikiisha au ikichakaa, vyote 3 vinaumia pamoja.

Kuiuliza kelele maswali

Anza na injini ikiwa imezimwa. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likae hewani, weka fri. Shika tairi, lizungushe pole pole. Vidole vikae mbali na cheni, kwa sababu cheni ikivuta kidole kwenye sproketi inakikata hata bila injini kuwaka. Watoto wasogezwe.

Ukisikia kukwaruza au kunguruma kama jiwe la kusagia, basi kelele imejitokeza na injini haifanyi kazi. Anzia nje. Angalia cheni kama imekauka au ina pingili zilizokakamaa. Angalia meno ya sproketi: yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja kama ndoana, yamekwisha. Sukuma tairi kushoto na kulia. Likicheza, ni beringi za gurudumu au bushi za mkono wa nyuma. Kisha shika sproketi kubwa ya nyuma uijaribu: ikicheza mbele na nyuma sana bila gurudumu kufuata, raba za ndani ya habu zimekwisha. Raba hizo zikiisha, pikipiki inagonga kila dereva akifungua au akifunga mafuta, na wengi wanaapa kwamba ni gia.

Haya, sasa washa injini. Iwe nje uwanjani, si ndani ya nyumba, maana moshi wake unaua. Acha ipate moto, iwe fri, ingurume taratibu. Sikiliza huku hendeli ya klachi imeachiliwa. Halafu ivute pole pole mpaka mwisho. Kelele ikipotea ukivuta na kurudi ukiachilia, iko upande wa klachi au kwenye beringi ya shafti ya kwanza. Ikitokea tu wakati umevuta, ni ile beringi ndogo inayosukuma pleti za klachi. Na isipobadilika hata kidogo, achana na giaboksi. Sikiliza juu ya injini, kwa tapeti na cheni ya taiming. Bisibisi ndefu inasaidia sana hapa: ncha iguse kesi ya injini, mpini uguse mfupa ulio mbele ya sikio. Utashangaa vile sauti inakuja wazi. Angalia tu usiguse kitu kinachozunguka wala bomba la moshi.

Jaribio la mwisho ni la barabarani, na lifanywe na dereva mzoefu, mahali pasipo na watu. Apitie gia zote, moja baada ya nyingine. Kelele inayotokea kwa gia moja pekee, tuseme ya tatu, mara nyingi ni ya jozi ya gia hiyo. Gia inayoruka yenyewe mlimani inaonyesha kwamba vile vijino vya ubavuni vimelika au uma umepinda. Mngurumo unaosikika kwa gia zote, unaopanda na mwendo na kuzidi mzigo ukiongezwa, unaelekea kuwa wa beringi. Mwishowe, kwenye tambarare, avute klachi na kuiacha pikipiki iteleze. Kelele ikiendelea kufuata mwendo wa gurudumu huku injini imetulia, turudi tena kwa cheni na gurudumu.

Oili inasema ukweli

Kati ya yote tunayofundisha, hili tunalipenda zaidi kwa sababu halihitaji sikio la fundi. Mwaga oili injini ikiwa na joto kidogo, si moto wa kuchoma. Ikingie kwenye beseni safi. Tafuta sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa, ifunge ndani ya karatasi ya nailoni, uipitishe polepole ndani ya beseni. Ukiitoa, utaona kilichoshikwa.

Uji laini mweusi kama masizi ni wa kawaida. Chuma kinachosuguana lazima kiache vumbi. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Kipande chenye umbo la jino la gia, au ganda jembamba la chuma gumu, kinamaanisha pikipiki haiendi popote tena. Chenga zinazong'aa ambazo sumaku haizishiki huenda zikawa za alumini au shaba. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na pikipiki zinazovuka mito yetu wakati wa mvua hupatwa na hayo. Vipande hivyo viwekwe kwenye kikaratasi, tarehe iandikwe, sekretari avihifadhi pamoja na daftari. Siku ya kwenda kwa fundi, huo ndio ushahidi wenu.

Oili mpya iwe ile kitabu cha pikipiki kinataka. Nyingi za 100 hadi 150 cc zinachukua karibu lita 1, lakini pimeni kwa kijiti au kioo, pikipiki ikiwa imesimama wima na injini imezimwa dakika chache. Kwenye mkebe tafuteni maandishi JASO MA: hiyo imetengenezewa pikipiki ambazo klachi yake inaogelea ndani ya oili. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaanza kuteleza. Na tafadhali, yule anayewashauri mtie oili nzito ya difu ili kelele inyamaze, mwambieni hapana. Hiyo ni kumziba mgonjwa mdomo.

Oili chafu isimwagwe mtoni wala shambani. Itieni kwenye mtungi, mpeleke kwa gereji inayokusanya. Ngozi nayo haipendi oili iliyotumika, inaweza kuleta saratani. Vaeni glavu au nailoni mikononi na kunawa kwa sabuni.

Mnayoweza kutengeneza wenyewe

Kubadilisha oili ni la kwanza. La pili ni waya wa klachi. Gia zikikwaruza wakati wa kuingia, mara nyingi klachi haiachii vizuri kwa sababu waya umelegea. Ncha ya hendeli icheze milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta. Ikicheza zaidi, kaza kwa ile nati ya marekebisho. Isipocheza kabisa, legeza, la sivyo pleti zitaungua. Injini inayonguruma kwa nguvu mno ikiwa fri pia inafanya gia ya kwanza igonge, kwa hiyo punguza mafuta yake.

La tatu ni cheni, na hapa tunaomba madereva watusikilize. Wengi wanaikaza cheni kama waya wa ua, wakidhani iliyokazwa ndiyo nzuri. Cheni iliyokazwa mno inavuta shafti ya pili ya giaboksi kila gurudumu linaporuka shimo, na beringi yake inakufa kabla ya siku zake. Hivyo giaboksi nzima inaharibiwa na spana ya nje. Pikipiki nyingi zinataka cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini. Kitabu chenu ndicho cha mwisho kusema. Pimeni gurudumu likiwa mahali tofauti, maana cheni huwa na sehemu iliyokaza kuliko nyingine, na mrekebishe kwa kutumia ile iliyokaza. Alama za kushoto na kulia zilingane. Sproketi ya mbele, ya nyuma na cheni vibadilishwe pamoja, la sivyo kuukuu kitakula kipya.

Mahali pa kusimama

Kufikia gia zenyewe ni lazima injini itoke kwenye fremu, klachi na sumaku ya umeme zitolewe kwa vifaa maalum, na kesi ipasuliwe katikati. Washa nyembamba za kwenye shafti zina mpango wake, na moja tu ikikosewa gia hazitaingia. Kazi hiyo isifanywe chini ya mwembe na mtu ambaye hajafundishwa.

Sumaku ikileta vipande vya chuma, au gia ikianza kuruka, pikipiki ilale siku hiyo hiyo, hata kama kuna mzigo wa kulipwa vizuri. Jino likikatika na kuingia kati ya gia 2, gurudumu la nyuma linaweza kufunga ghafla barabarani, na aliyebebwa nyuma hana cha kushika.

Mkienda kwa fundi, waende watu 2. Mwambieni majaribio mliyofanya na mlichosikia, msimwambie "giaboksi" tu. Mkubaliane bei ya kazi na ya spea mbalimbali, kwa maandishi. Shafti zipigwe picha kwa simu kabla hazijavuliwa. Gia iliyokatika meno ibadilishwe pamoja na mwenzake wanayesagana. Kabla kesi haijafungwa, azungushe shafti kwa mkono na kupitisha gia zote mbele ya macho yenu. Vipande vya zamani vyote mrudishiwe.

Kazi ya mkutano ujao

Leteni pikipiki uwanjani na sumaku moja. Wanachama 3 wasiokuwa madereva wafanye jaribio la gurudumu na la klachi, kila mmoja aseme anasikia nini kabla ya dereva kusema lake. Halafu mzungumze: Ni nani aliyekaza cheni yetu mara ya mwisho, na aliipima? Oili ilibadilishwa lini, na imeandikwa wapi? Dereva wetu akisema leo pikipiki isitoke kwa sababu ya kelele, je, tunamlipa siku hiyo au tunamkata?