MAJI YANA WENYEWE: SOMO JUU YA LESENI KWA WANAOKODI BOTI UGENINI

Watumishi wa Serikali na wakaazi wa visiwani wanaotumia likizo zao nje ya Zanzibar wanakumbushwa kuwa sheria za kukodi na kuendesha vyombo vya majini hutofautiana baina ya mahali na mahali. Somo hili limeandaliwa ili msafiri ajue mapema anachopaswa kuwa nacho kabla ya kushika kasia au usukani katika maji asiyoyazoea. Mfano mkuu uliochaguliwa ni wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera. Wilaya hizo ziko mbali na bahari, lakini mgeni anayefika huko hukutana na mambo yote kwa pamoja: maziwa, mto mkubwa, hifadhi za taifa na mipaka ya nchi mbili.

Haja ya somo hili iko wazi. Wapo watu wengi waliokulia ufukweni, wakaendesha ngarawa kabla ya kuendesha baiskeli. Ujuzi huo ni neema, lakini si hati. Askari au mkaguzi wa maji ya ugenini hapimi umahiri wa mtu kwa kuutazama mkono wake ulivyoshika usukani. Huuliza karatasi. Aidha, maji yenyewe hayamtambui mwana wa pwani. Tabia za bahari ni nyingine na tabia za mto ni nyingine.

1. Hati tatu zisizochanganywa

Makosa mengi ya wasafiri hutokana na kudhani kuwa leseni ni kitu kimoja. Kwa hakika ni mambo matatu, na kila moja lina mwenyewe.

Kwanza, ipo hati ya chombo. Hii huonyesha kuwa chombo kimesajiliwa, kimekaguliwa, na kinaruhusiwa kubeba idadi fulani ya watu kwa kazi fulani. Chombo kilichopewa leseni ya uvuvi hakijapewa kwa hati hiyo ruhusa ya kubeba watalii.

Pili, ipo hati ya mwendeshaji. Hii ni ya mtu, wala si ya chombo. Huthibitisha kuwa amefunzwa na kupimwa kwa aina fulani ya chombo na aina fulani ya maji.

Tatu, ipo ruhusa ya maji yenyewe. Maji yaliyomo ndani ya hifadhi, katika eneo la bandari au mpakani huwa na msimamizi wake. Mtu anaweza kuwa na chombo kizima na cheti halali, na bado akawa mkosaji kwa kuingia mahali pasiporuhusiwa.

Msafiri akizishika hati hizi tatu akilini, mengine yote ya somo hili yatakuwa mepesi kwake.

2. Mamlaka mbili ndani ya Jamhuri moja

Yafaa kufahamu kuwa hata ndani ya Jamhuri ya Muungano, usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na mamlaka mbili. Kwa upande wa Zanzibar, kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kwa upande wa Tanzania Bara, ukaguzi na utoaji wa vyeti vya usalama wa vyombo ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kuanza kazi mwaka 2018. Kabla ya hapo, jukumu hilo lilikuwa la SUMATRA.

Kwa hiyo mkaazi wa Unguja au Pemba mwenye hati ya hapa nyumbani asichukulie kuwa amekwisha ruhusiwa kuendesha boti katika maziwa ya Kagera. Anachotakiwa ni kuipeleka hati yake kwa TASAC, kueleza chombo anachokusudia kukitumia na mahali, na kupata jibu kabla ya safari. Huko si kumdharau nahodha wa visiwani. Ni utaratibu ule ule unaomhusu nahodha wa Bara anapokuja kufanya kazi katika maji ya Zanzibar.

3. Maji ya Karagwe na Kyerwa

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Magharibi mwa wilaya hizo Mto Kagera hupita ukielekea kaskazini na kuwa mpaka wa Tanzania na Rwanda. Kisha hupinda kuelekea mashariki na kuwa mpaka wa Tanzania na Uganda. Ndio mto mkubwa kuliko yote inayomimina maji yake katika Ziwa Victoria. Kandokando yake na katika mabonde ya jirani yamo maziwa, likiwamo Rwakajunju, na upande wa kusini Ziwa Burigi.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya eneo hilo yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa: Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, chini ya usimamizi wa TANAPA. Badiliko hilo lina maana kubwa kwa mgeni. Mahali ambapo zamani mtu aliweza kusikia kuwa jamaa zake walipita kwa mtumbwi, leo panaweza kuwa ndani ya hifadhi ya taifa. Kuingia humo huhitaji kibali, na kuvua samaki bila ruhusa ni kosa. Kauli ya mwenye mtumbwi kuwa "hapa tunapita siku zote" haiwezi kushika nafasi ya kibali.

Kuomba ruhusa ya maji katika nchi hiyo si jambo lililozuka jana. Mwaka 1876 msafiri Henry Stanley alifika Karagwe akiwa na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa na wapagazi vipande vipande. Pamoja na mashua hiyo na silaha alizokuwa nazo, aliichunguza Kagera kwa ridhaa ya Mukama Rumanyika na kwa waongozaji aliopewa naye. Mwenye chombo alikuwa mgeni, na mwenye maji alikuwa Rumanyika.

Msafiri ajue pia hatari za maji hayo. Mto una mkondo, nao haupungui wala kugeuka kwa kujaa na kupwa kama afanyavyo mwana wa pwani hesabu zake. Mafunjo hufunika kingo hata mtu asione pa kushukia. Viboko na mamba wamo. Mtumbwi wa gogo au wa mbao unaokwenda kwa pondo hauna tanga la kuuokoa pindi mkondo unapouchukua. Karibu na Murongo, wilayani Kyerwa, upo mtambo wa umeme wa maji wa Kikagati-Murongo wenye uwezo wa megawati 14, ambao unazihudumia Uganda na Tanzania. Eneo la bwawa na mitambo si mahali pa matembezi ya mtumbwi.

4. Ng'ambo ya mto ni nchi nyingine

Baharini, mtu wa Unguja husafiri mwendo mrefu kabla ya kufika nchi ya watu. Katika Mto Kagera, ng'ambo inaonekana kwa macho, na mpaka umo majini bila alama ya kumwonya mpiga kasia. Mtu anayekodi mtumbwi kwa saa moja ya kutazama ndege anaweza kutoka nchini bila kujua, iwapo mkondo utamsukuma hadi ukingo wa pili.

Upande wa Rwanda ipo Hifadhi ya Taifa ya Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934. Humo matembezi ya boti hufanyika katika Ziwa Ihema chini ya utaratibu wa hifadhi, ambapo mgeni ni abiria wala si mwendeshaji. Anayetaka matembezi hayo aingie Rwanda kwa njia halali, mathalan kupitia Rusumo wilayani Ngara. Anayekwenda Uganda kutoka Kyerwa apite kituo cha Murongo, au Mutukula wilayani Missenyi. Uanachama wa nchi zetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki umerahisisha safari, lakini haukufuta vituo vya uhamiaji. Wala kibali cha TANAPA hakimpi mtu haki ya kutua Rwanda, na hati ya TASAC si hati ya kusafiria.

5. Funzo la Novemba 2018

Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na ufukwe wa Mutima, Wilaya ya Mukono nchini Uganda. Waliokuwamo walikuwa katika matembezi ya mwisho wa wiki. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, jambo la kusikitisha zaidi likiwa kwamba nchi kavu haikuwa mbali. Wakuu wa Uganda walieleza kuwa boti hiyo ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake, haikuwa na leseni, na hali yake haikuwa nzuri.

Katika tukio hilo abiria hawakuwa na hati yoyote ya kuonyesha, kwa kuwa hawakuwa waendeshaji. Lakini wao ndio waliolipa kwa maisha yao upungufu wa hati ya chombo. Hapa ndipo ilipo maana ya somo zima. Anayekodi boti huambiwa aulize leseni kwa ajili ya nafsi yake na ya watoto wake, kabla hata ya kufikiria faini. Uganda baadaye ilitunga Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 ili kuimarisha usajili na ukaguzi wa vyombo.

Wazanzibari hawahitaji kukumbushwa kwa maneno mengi. MV Spice Islander I ilizama Septemba 2011, na MV Skagit ilizama Julai 2012. Watu wa Kagera nao wanaikumbuka MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza.

6. Kwa wanaokwenda nchi za mbali

Wapo wakaazi wanaotembelea jamaa zao Ulaya, na huko hukuta boti za kukodi katika bandari na mifereji. Tofauti na leseni ya gari, ambayo ina mikataba ya kimataifa inayotambuliwa na nchi nyingi, hakuna leseni moja ya boti inayokubalika duniani kote. Upo Cheti cha Kimataifa cha waendeshaji wa vyombo vya starehe, kilichowekwa kwa Azimio Namba 40 la mwaka 1998 la Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya. Tanzania si mwanachama wa Tume hiyo, na kila nchi huamua yenyewe namna ya kukipokea cheti hicho.

Mifano michache itatosha kuonyesha tofauti. Nchini Uingereza, Serikali haimtaki mtu awe na leseni ya kuendesha boti yake ya starehe baharini, ingawa mkodishaji anaweza kudai cheti. Ufaransa, injini inayozidi nguvu za farasi 6 huhitaji leseni. Hata hivyo, katika baadhi ya mifereji mkodishaji aliyeidhinishwa humfunza mteja na kumpa kadi ya muda inayotumika kwa ukodishaji huo tu. Ujerumani, kwa kawaida kikomo ni nguvu za farasi 15. Hispania huruhusu bila leseni boti isiyozidi mita 5 na nguvu za farasi 15 hivi, mchana tu, na isiyokwenda zaidi ya maili 2 za baharini kutoka bandarini. Ugiriki, kikomo ni nguvu za farasi 30.

Kwa hiyo boti ile ile, mikononi mwa mtu yule yule, inaweza kuwa halali Athens na haramu Marseille. Tena bima hufuata sheria. Mtu akipata ajali akiwa anaendesha chombo asichoruhusiwa, anaweza kubeba gharama zote peke yake.

7. Utaratibu wa kufuata

Msafiri anashauriwa kufuata hatua hizi kwa mpangilio wake:

(a) Aulize mamlaka ya mahali anapokwenda, wala asitosheke na maneno ya mkodishaji.

(b) Atake kuonyeshwa hati ya chombo na asome idadi ya watu iliyoandikwa. Watoto nao wahesabiwe.

(c) Iwapo hana cheti kinachokubalika, akodi chombo pamoja na mwendeshaji wake mwenye hati.

(d) Ahakikishe kila mtu amevaa jaketi okozi tangu ufukweni. Jaketi lililofungiwa ndani ya sanduku halimwokoi mtu.

(e) Aulize mipaka: ya hifadhi, ya nchi, ya saa za kutembea na ya umbali.

(f) Atoe fedha baada ya kuridhika na hayo yote. Aliyekwisha kulipa huona uzito kukataa kupanda.

8. Maswali ya kujipima

Swali la kwanza: Mtumishi mwenye hati ya unahodha ya Zanzibar amekodi mtumbwi wa mvuvi katika ziwa lililomo ndani ya hifadhi wilayani Karagwe. Je, amekamilisha masharti?
Jibu: La. Ajue kama TASAC inaikubali hati yake, kama mtumbwi umeruhusiwa kubeba abiria, na apate kibali cha hifadhi.

Swali la pili: Familia imepanda boti kama abiria tu. Je, suala la leseni linaihusu?
Jibu: Ndiyo. Hati ya chombo na ya mwendeshaji ndizo dhamana yao.

Swali la tatu: Mkodishaji amesema hakuna aliyewahi kukamatwa mahali hapo. Je, maneno hayo yatosha?
Jibu: Hayatoshi. Kutokamatwa si ruhusa.

Wakuu wa idara na masheha wanaombwa kulisoma somo hili kwa watumishi na wakaazi kabla ya misimu ya likizo. Tawakali ni jambo jema, nayo hufuata baada ya mtu kuchukua tahadhari. Msafiri aliyeuliza akakuta hakuna ruhusa amekosa matembezi ya siku moja, na watu wake wamerudi nyumbani salama.