Simba atatuambukiza?

Swali: Nafundisha Kawangware. Makao ya wanyama yatima ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS), pale Lang'ata, Nairobi, yakifunguliwa wakati wa janga la korona nami nikiwapeleka wanafunzi ziara, je, simba watawaambukiza?

Jibu: Mwalimu, waogopee simba kwanza. Aprili 2020 simbamarara wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, alipatikana na korona. Aliyeshukiwa kumwambukiza ni mhudumu. Januari 2021 ikawa zamu ya sokwe wa San Diego. Kwa hiyo msivuke kamba ya vizimba, na mwanafunzi anayekohoa abaki nyumbani, hata kama ameshalipa.

Hatari kwa wanafunzi iko ndani ya matatu mtakamobanana. Fungueni madirisha yote, nendeni asubuhi katikati ya wiki, na sabuni bebeni yenu.