Umwamini Nani, na kwa Kiasi Gani?

Safari hii nina barua mbili mezani ambazo kwa juu juu hazihusiani hata kidogo. Nimezisoma moja baada ya nyingine, nikaona jibu lake ni moja.

Ya kwanza imetoka kwa binti aliyemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo. "Shikamoo dada. Hadithi za Bwana Msa na Willy Gamba nilizoweza kuzipata nimezimaliza. Nataka fumbo jipya la kuninyima usingizi. Nina laptopu ya kaka, haina nguvu sana, na bando la kuungaunga. Nisome nini?"

Ya pili ni ya mwanafunzi wa chuo. "Dada, hosteli tunakaa wanne chumba kimoja. Pesa ya mwenzetu imepotea, na sasa kila mtu anafunga begi lake hata akienda kuoga. Nitajuaje nimwamini nani?"

Marahaba, wadogo zangu. Kwenu nyote wawili nina jina moja: Root Double: Before Crime * After Days.

Ni gemu la kusoma, kutoka Japani. Kwa ambao hamjawahi kuona magemu ya aina hii, skrini inakuonyesha mahali na sura za wahusika, maandishi yanapita chini, waigizaji wanazungumza kwa Kijapani, na wewe unasoma kama unavyosoma riwaya. Ukifika mahali fulani hadithi inasimama na kukungoja wewe uamue. Hakuna kupiga risasi wala kukimbiza magari, na kwa kuwa sehemu kubwa ni picha zilizotulia, halihitaji kompyuta ya bei mbaya. Ukishalipakua mara moja, bando linapumzika.

Gemu hili lilitoka Japani Juni 2012, likiongozwa na Takumi Nakazawa, yule yule aliyeongoza Ever17 ya mwaka 2002, hadithi ya watu waliokwama ndani ya bustani ya burudani iliyojengwa chini ya bahari. Mashabiki wa hadithi za kisayansi zenye mafumbo wanaiheshimu sana Ever17. Root Double halikubahatika hivyo. Kwanza lilitoka kwenye Xbox 360, mashine ambayo Wajapani wachache walikuwa nayo. Wasomaji wa Kiingereza wakasubiri mpaka mwaka 2016, tena baada ya mashabiki kuchangishana fedha kupitia Kickstarter. Kufikia hapo gemu jingine la kusoma, Steins;Gate, lilishajaza mioyo ya watu, na hili likapita pembeni kimya kimya. Naona limedhulumiwa, na ndiyo maana leo nalipigia debe.

Hadithi yenyewe ni hii. Ni Septemba 16, 2030. Katika mji wa kubuni wa Rokumei kuna kituo cha utafiti wa nyuklia kinachoitwa LABO. Moto unazuka, kinu kinaanza kuyeyuka, na ili mionzi isitoke nje, milango mizito inashuka na kujifunga. Haitafunguka kwa muda wa saa 9. Waliobaki ndani ni watu tisa: wapo waokoaji, wapo waliokutwa kazini, na wapo wanafunzi ambao haieleweki walifikaje mahali kama hapo. Dawa ya kupunguza madhara ya mionzi ipo, lakini haitoshi kuwafikisha wote mwisho wa saa hizo. Kisha inaonekana kwamba moto na mionzi si hatari pekee humo ndani. Kuna mtu anaua.

Fikirini gemu hili lilitua mikononi mwa watu gani. Machi 11, 2011 tetemeko na tsunami viliikumba Japani, na vinu vitatu vya Fukushima Daiichi vikayeyuka. Hili lilitoka mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye. Mionzi haionekani, hainuki, haina ladha. Umekaa chumbani, ukuta ni ule ule, hewa ni ile ile, na huna namna ya kujua kama unadhurika mpaka usome kipimo au umwamini aliyekisoma. Kwa msomaji aliyetoka kuyaishi hayo, hofu ya LABO haikuwa ngeni.

Wewe unaingia kwenye hadithi kupitia Watase Kasasagi, nahodha wa kikosi cha uokoaji. Ndiye anayepaswa kuwatoa wenzake. Lakini amepoteza kumbukumbu. Hajui alifanya nini kabla ya ajali, hawafahamu hata watu wa kikosi chake. Binti yangu wa barua ya kwanza, hapa ndipo utakapoona tofauti na ulivyozoea. Ukiwa na Bwana Msa, akili ya mpelelezi unaiegemea. Unajua mwisho wa yote atakuketisha na kukueleza. Huku hakuna wa kumwegemea. Kila aliyemo anaweza kuwa mhalifu, na yule unayeitazama dunia kupitia macho yake hana hata hakika kwamba yeye mwenyewe si mmoja wao.

Sasa jambo lililonifanya nilipende. Magemu mengi ya kusoma hukuuliza, "Utafanya nini: ubaki au uondoke?" Root Double haliulizi hivyo. Kwenye nyakati nzito inatokea duara lenye ncha tisa, na kwenye kila ncha kuna mtu mmoja. Kazi yako ni kupandisha au kushusha kipimo cha jinsi unavyomchukulia kila mmoja kwa wakati ule: unamwamini sana, kiasi, au humwamini kabisa. Kwenye moja ya zile ncha umo wewe mwenyewe, kwa hiyo unaulizwa pia unajiamini kiasi gani. Unathibitisha, kisha unakaa kuangalia mhusika wako anasema nini na anafanya nini kutokana na moyo uliompa. Kitendo hukichagui. Unachagua moyo, na kitendo kinatoka humo.

Ukidhani dawa ni kumwamini kila mtu ili mambo yawe shwari, utazika watu. Ukiwashuku wote ili uwe salama, utazika watu vilevile. Pengine aliyekuwa na ukweli ni yule uliyemshusha kwa sababu ya ukali wake, na aliyekubembeleza kwa maneno matamu ndiye aliyekuponza. Udhaniaye ndiye kumbe siye.

Baada ya sehemu ya Watase, iitwayo After, ipo Before, inayorudi siku chache nyuma na kumfuata mwanafunzi Natsuhiko Tenkawa. Rokumei ni mji wa watu wenye uwezo wa kuwasiliana kwa fikra, na Natsuhiko ni mmoja wao. Hapo swali la kuaminiana linapata uzito mwingine: mtu anayeweza kugusa mawazo yako utaishi naye vipi? Na je, kumsikia mtu mpaka ndani ya kichwa chake kunatosha kumwelewa? Sitasema zaidi, maana utamu wa gemu hili uko kwenye kugundua.

Kabla hujalianza, nikushike mkono kidogo.

Gemu linakuruhusu kuanza na After au Before. Anza na After. Uingie kwenye moto hujui kitu, kama Watase asivyojua, na umpime kila mtu kwa kile unachokiona tu. Ukifika Before utawaona watu wale wale kwa jicho jingine, na hukumu zako za mwanzo zitakusuta.

Weka daftari. Andika nani alikuwa wapi saa ngapi, nani alisema nini, na nani alinyamaza alipoulizwa. Ukikutana na mwisho mbaya usikate tamaa wala usikimbilie kutafuta majibu kwa waliokwisha kulimaliza. Soma kifo hicho kama ushahidi, kisha rudi nyuma ubadilishe vipimo vyako.

Before inaanza polepole, na soga za shuleni ni nyingi. Usiziruke. Ndizo zinazokufanya uumie baadaye.

Lugha ya maandishi ni Kiingereza, nayo ni mengi, basi nenda kwa mwendo wako na kamusi karibu. Kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, bei hushuka mara kwa mara. Subiri punguzo, usimsumbue kaka. Na kuna damu na vifo humu, kwa hiyo wadogo wa shule ya msingi wasikae nawe mbele ya skrini.

Sasa nakuja kwako mdogo wangu wa hosteli, sijakusahau. Hujaniomba gemu, umeniomba njia. Njia ninayokupa ni lile duara.

Usiwaweke wenzako watatu kwenye kapu moja. Chukua karatasi, na kwa kila mmoja jiulize: huyu namwamini kiasi gani, na kwa lipi hasa? Halafu tenganisha. Upande mmoja andika ulichokiona kwa macho yako, upande wa pili andika unachohisi tu. Utashangaa upande wa pili ulivyojaa. Huenda mmoja umemshusha kwa sababu ni mgeni wa chumba, au kwao hali ni ngumu, au mliwahi kugombana juu ya zamu ya usafi. Hayo hayasemi chochote kuhusu pesa.

Kisha jipime na wewe. Siku pesa ilipopotea ulikuwa na hasira na nani? Umeshamteta nani, na kwa nani? Anayewapima wengine bila kujipima huona alichotaka kukiona.

Ukimaliza, waite wote mkae pamoja, aliyepotelewa akiwepo. Kila mtu aseme anachokijua, si anachokishuku. Kupekuana mabegi msithubutu. Mpelekeeni suala msimamizi wa hosteli, ndiye mwenye mamlaka. Na hata kama mwizi hatajulikana, amueni kwa sauti mtaishije kuanzia sasa: pesa zikae kwenye simu, mlango ufungwe, funguo ziwe na utaratibu. Imani haisubiri ushahidi ukamilike, kwa sababu ushahidi kamili mara nyingi hauji, na nyinyi kesho mtaamka chumba kile kile. Mpe kila mmoja kiasi anachostahili leo, na uwe tayari kukipandisha au kukishusha kesho kwa haki. Kumwamini mtu kwa kiasi si kumtukana. Linalomvunja mtu ni kuhukumiwa mara moja na kuachwa hapo hapo.

Binti wa kidato cha sita, nina ombi kwako na kwa yeyote atakayelianza Root Double. Ukimaliza After, kabla hujagusa Before, niandikie unitajie ni nani uliyemshusha kuliko wote, na kwa sababu gani. Weka nakala ya barua hiyo. Ukimaliza gemu zima, niandikie tena kuhusu mtu huyo huyo. Zile barua mbili nitaziweka hapa kwenye kona yetu, bila majina, wenzenu wajifunze.

Nawapenda sana. Ni mimi dada yenu.